Chakula, Chembe za Mwili na Nguvu za Kufanya Kazi

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima: Afya na Chakula

Walimu wa madarasa, tafadhali andikeni ubaoni maneno matatu: CHEMBE, VITAMINI, MADINI. Maneno hayo tutayatumia sana leo. Aliye na daftari na aliandike kila neno mara moja, taratibu, huku tukiendelea.

Somo letu ni juu ya nguvu za mwili: zatoka wapi, na kwa nini hupungua. Kuna jambo linalowashangaza watu wengi. Mtu hula akashiba, mchana na usiku. Lakini akishika jembe, hata saa moja haijapita, amechoka. Miguu mizito, kichwa chamzunguka, moyo wamwenda mbio. Jirani mmoja husema, "Huyu ni mvivu tu." Mwingine husema amerogwa. Wa tatu humshauri auze kuku wake akanunue vidonge vya nguvu dukani. Pengine wote watatu wamekosea. Leo tutajifunza kwamba tumbo kujaa ni jambo moja, na mwili kupata nguvu ni jambo la pili.

1. Jiko lililo ndani ya mwili

Tazameni ukuta wa nyumba. Umejengwa kwa matofali mengi. Mwili wa mtu nao umejengwa kwa vitu vidogo sana viitwavyo chembe hai. Wengine huziita seli. Tofali halina uhai, lakini chembe ina uhai. Yataka chakula, yataka hewa, na kila moja ina kazi yake. Chembe za msuli huinua jembe, chembe za moyo husukuma damu, chembe za ubongo hukuwezesha kusoma maneno haya. Jicho peke yake haliwezi kuziona. Hutazamwa kwa hadubini.

Ndani ya karibu kila chembe mna vyumba vidogo zaidi, viitwavyo mitokondria. Humo ndimo sehemu kubwa ya chakula chetu hugeuzwa kuwa nguvu. Chakula kikiisha kusagwa tumboni na kuingia katika damu, hupelekwa mpaka katika vyumba hivyo, kikaunguzwa polepole. Hakuna ndimi za moto wala moshi, lakini joto lake lipo. Tia mkono kwapani, utalisikia. Na nguvu inayopatikana huwekwa katika kitu ambacho wataalamu hukiita ATP. Msuli ukitaka kufanya kazi, hutumia ATP hiyo, kama mtu anavyotumia fedha iliyo mkononi.

Sasa fikirini jiko la mkaa. Jiko lataka vitu vitatu. La kwanza ni mkaa wenyewe. Mkaa wa mwili ni wanga, yaani ugali, wali, muhogo, ndizi na viazi, pia mafuta, na hata nyama na maharagwe huweza kuunguzwa. Gramu moja ya wanga hutoa kalori 4, na gramu moja ya mafuta hutoa kalori 9. La pili ni hewa. Hewa safi ya oksijeni huingia mapafuni, ikabebwa na damu mpaka kwenye chembe. La tatu ni kiberiti. Waweza kuwa na gunia zima la mkaa, na upepo ukavuma vizuri, lakini pasipo njiti ya kiberiti chungu hakichemki.

Kiberiti cha mwili ni vitamini na madini. Hivi havitoi nguvu vyenyewe. Kazi yake ni kuusaidia mwili kukiunguza chakula. Ndiyo sababu hutakiwa kidogo sana. Haya, tufanye hesabu. Mtu mzima huhitaji vitamini B1, iitwayo pia thiamini, kiasi cha miligramu 1.2 kwa siku. Miligramu ni gramu moja iliyogawanywa sehemu elfu. Zidisha 1.2 kwa siku 365. Jibu ni miligramu 438. Maana yake, mahitaji ya mwaka mzima hayafiki hata nusu gramu! Lakini nusu gramu hiyo ikikosekana, magunia ya chakula aliyokula mtu mwaka mzima hayatamsaidia kama ipasavyo. Wala hawezi kuila yote kwa siku moja, kwa kuwa mwili hauwezi kuiweka akiba ya muda mrefu. Hupungua kila siku, nayo hurudishwa kila siku, kwa chakula.

Wanafunzi, nitanyamaza kidogo. Mwulize mwenzako aliye karibu: vitu vitatu vya jiko ni vipi, na katika mwili ni vipi?

2. Mabaharia wa Japani na kuku wa Java

Watu walijuaje mambo haya? Walijua kwa taabu, na baada ya wengi kufa. Nisikilizeni.

Huko Asia watu wengi hula wali. Zamani mpunga ulitwangwa kwa kinu, na ngozi nyembamba ya rangi iliyo juu ya punje ya mchele ilibaki kwa sehemu. Zikaja mashine za kukoboa. Mchele ukawa mweupe, unapendeza macho, na watu wakauona kuwa chakula cha heshima. Lakini ugonjwa uitwao beriberi ukazidi. Miguu ya mgonjwa hufa ganzi, hawezi kutembea vizuri. Wengine huvimba mwili. Mwisho moyo huchoka ukasimama.

Mwaka 1882 manowari ya Japani, jina lake Ryujo, ilitoka kwenda safari ndefu ya karibu miezi tisa. Chakula kikuu cha mabaharia kilikuwa wali mweupe. Kabla ya safari kwisha, watu zaidi ya 150 walikuwa wameugua beriberi, na 25 walikufa. Daktari wa jeshi la majini, Takaki Kanehiro, aliomba manowari nyingine, Tsukuba, ipelekwe njia ile ile mwaka 1884, ila chakula kibadilishwe: pawe na nyama, maziwa na mkate. Tsukuba ilirudi bila mtu hata mmoja kufa kwa beriberi. Tangu hapo jeshi la majini likabadilisha chakula chake, na ugonjwa ukawa karibu kwisha.

Lakini wakuu wa jeshi la nchi kavu hawakukubali. Waliendelea kuwapa askari wali mweupe. Katika vita vya Japani na Urusi vya mwaka 1904 hadi 1905, askari wao zaidi ya 20,000 walikufa kwa beriberi. Hawa hawakuuawa na risasi, wala hawakukosa wali wa kula. Walikosa kitu kilichobaki katika pumba.

Takaki alipata dawa, ila sababu yenyewe hakuijua. Alidhani kilichopungua ni protini. Sababu ilianza kuonekana kisiwani Java, ambacho leo ni sehemu ya Indonesia. Karibu mwaka 1890 daktari Mholanzi, Christiaan Eijkman, alikuwa akifuga kuku kwa majaribio. Kuku wakaanza kupepesuka, miguu ikalegea, kama wagonjwa wa beriberi. Baadaye wakapona wenyewe! Alipouliza, aliambiwa kwamba kwa muda kuku walilishwa wali mweupe uliobaki jikoni mwa hospitali ya askari. Kisha akaja mpishi mpya, akakataa kutoa wali wa askari kwa kuku. Wakarudishiwa mchele usiokobolewa, wakapona.

Jambo hilo likachunguzwa pia katika magereza 101 ya Java. Palipopikwa mchele mweupe, mfungwa mmoja katika kila 39 aliugua beriberi. Palipopikwa mchele wenye ngozi yake, aliugua mmoja katika kila 10,000. Mwaka 1901 Gerrit Grijns, aliyekuwa mwenzake Eijkman, akaeleza kwamba katika pumba ya mchele mna kitu ambacho mwili hauwezi kukikosa. Kitu hicho ndicho vitamini B1. Mwaka 1929 Eijkman alipewa Tuzo ya Nobel.

Leo twajua kazi yake hasa. Vitamini B1 hufungua njia ya wanga kuingia katika jiko la chembe. Ikikosekana, wanga hubaki mlangoni. Na viungo vinavyotumia nguvu nyingi kila saa, yaani moyo na mishipa ya fahamu, ndivyo huumia kwanza.

3. Je, sisi wala ugali?

Huenda mtu akasema, "Hayo ni ya wala wali. Sisi twala ugali." Basi tusikie habari za mahindi.

Kuna vitamini nyingine, B3, iitwayo niasini. Hii nayo ni kiberiti cha jiko la chembe. Mahindi yanayo, lakini imefungwa kwa namna ambayo tumbo haliwezi kuifungua. Wenyeji wa Meksiko, ambako mahindi yalianzia, tangu kale huchemsha mahindi katika maji ya chokaa kabla ya kuyasaga. Chokaa hiyo huifungua niasini. Mbegu ya mahindi ilipochukuliwa kwenda Ulaya, Afrika na kwingineko, ilichukuliwa mbegu tu. Ujuzi wa kupika kwa chokaa ulibaki Meksiko.

Ndipo watu maskini waliokula mahindi karibu peke yake walipopatwa na ugonjwa wa pelagra. Ngozi inayopigwa na jua hubabuka, shingoni hutokea alama kama ushanga, tumbo huharisha, na akili huvurugika. Katika majimbo ya kusini ya Marekani watu wengi walikufa. Wengi walidhani ni ugonjwa wa kuambukizana. Kuanzia mwaka 1914 daktari Joseph Goldberger akaonyesha kuwa sababu ni chakula. Walipoongezewa maziwa, nyama na maharagwe, watu walipona.

Wala jambo hili si la zamani wala la mbali tu. Mwaka 1990, nchini Malawi, wakimbizi waliotoka Msumbiji kwa sababu ya vita walikuwa wakipewa mahindi pamoja na karanga. Karanga zilipokosekana, wakabaki na mahindi. Katika mwaka huo watu zaidi ya 17,000 waliugua pelagra. Angalieni jambo hili, ndugu zangu. Karanga, kitu ambacho wengi wetu hukiona kama cha kutafuna njiani, ndizo zilizokuwa zikiwalinda watu elfu nyingi.

Hivyo ugali si adui. Ugali ni mkaa mzuri, tena wa bei nafuu. Kosa ni kuula peke yake, au na mchuzi wa chumvi na nyanya tu, siku baada ya siku. Pia aina ya unga ina maana. Katika punje ya mahindi, sehemu kubwa ya vitamini na madini imo katika kiini na ngozi. Mahindi yakikobolewa kwa sembe nyeupe, kiini na ngozi huenda katika pumba, na pumba huenda kwa kuku. Kuku wanapata nguvu, sisi twapata weupe! Unga wa dona husagwa pamoja na kiini na ngozi. Hauwekeki muda mrefu, kwa sababu kiini kina mafuta, basi saga kidogo kidogo. Na kama unanunua unga wa paketi, soma maandishi yake. Sasa unajua kusoma. Tumia elimu yako. Baadhi ya unga huongezwa vitamini na chuma kiwandani. Nchini Kenya, kwa mfano, kanuni za mwaka 2012 ziliagiza unga wa mahindi na wa ngano unaofungwa viwandani uongezwe hivyo.

4. Chuma na damu

Tumesema jiko lataka hewa. Hewa ya oksijeni haiendi yenyewe mpaka kwenye chembe. Hubebwa na damu, katika chembe nyekundu, na kitu kinachoishika ni madini ya chuma. Tena chuma hutumika ndani ya mitokondria zenyewe. Chuma kikipungua, damu hupungua, na hewa haifiki vya kutosha. Mtu huchoka upesi, hupumua kwa shida akipanda mlima, na viganja na ndani ya kope huwa vyeupe.

Chuma hupungua kwa njia nyingi. Mwanamke hupoteza damu kila mwezi. Mama mjamzito humjengea mtoto damu kutoka katika damu yake mwenyewe. Malaria huharibu chembe nyekundu. Na minyoo ya safura hukaa matumboni ikifyonza damu mchana na usiku. Minyoo hiyo huingia mwilini kwa kupenya ngozi, hasa nyayo za mtu atembeaye bila viatu mahali penye kinyesi.

Sasa nataka tufikiri pamoja. Tumchukue mama mmoja, tumwite Mama Fulani. Ana mimba ya miezi sita. Amechoka sana. Mumewe anampenda, kwa hiyo ananunua chupa ya dawa ya nguvu mjini, kwa fedha ya mazao. Mama anakunywa. Chupa inakwisha, uchovu haukwishi, kwa sababu ana safura na chuma kimepungua sana. Siku ya kujifungua inafika. Kila mama hutokwa na damu anapojifungua, lakini aliye na damu kidogo hana akiba. Damu ambayo mama mwenye afya angeivumilia, yaweza kumwua Mama Fulani. Na kipimo ambacho kingeonyesha hali yake ni tone moja la damu ya kidole, linalopimwa kliniki.

Basi mama mjamzito asikose kliniki. Shirika la Afya Duniani hushauri wajawazito wameze kila siku chuma miligramu 30 hadi 60, pamoja na foliki asidi, vitamini inayosaidia kutengeneza damu na kumkinga mtoto na baadhi ya ulemavu. Vidonge hivi kliniki huvitoa. Wako wanawake wanaoviacha kwa sababu choo huwa cheusi, au tumbo huchafuka kidogo. Choo kuwa cheusi kwa vidonge vya chuma si alama ya hatari. Tumbo likichafuka, jaribu kumeza baada ya chakula cha jioni, na umwambie mwuguzi. Usivitupe.

Chuma cha chakula kiko wapi? Kiko katika nyama, maini, samaki na dagaa, na hicho mwili hukipokea kwa urahisi. Kiko pia katika maharagwe, kunde, choroko na mboga za majani kama mchicha, kisamvu na matembele. Hicho cha mimea mwili hukipokea kwa shida kidogo, lakini waweza kuusaidia. Kamulia ndimu kwenye mboga, au kula chungwa au pera pamoja na chakula. Chai nayo huzuia. Mtu anayekula maharagwe yake huku akinywa chai ya rangi hupoteza sehemu ya chuma alichokinunua. Hatusemi msinywe chai. Inyweni, ila si pamoja na chakula. Ngojeni kama saa moja hivi.

5. Je, vidonge vya nguvu vinafaa?

Watu wengi huuliza: "Kama vitamini ndiyo kiberiti, kwa nini nisinunue vidonge vingi nikapata nguvu nyingi?"

Rudini kwenye jiko. Kama huna kiberiti, njiti moja ni mali kubwa. Lakini kama moto umekwisha kuwaka, ukitia viberiti mia chungu hakichemki mara mia. Vivyo hivyo kwa vidonge. Mtu aliyepungukiwa na vitamini au madini hupata nafuu kubwa akipewa kile alichopungukiwa. Mtu asiyepungukiwa haongezewi kitu. Vitamini nyingi za jamii ya B zikizidi hutoka na mkojo. Ukiona mkojo umekuwa manjano iliyokolea baada ya kumeza vidonge hivyo, ujue sehemu ya fedha yako imekwenda chooni.

Na vingine vikizidi hudhuru. Vitamini A ikizidi hudhuru ini, na huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Vitamini B6 kwa wingi, kwa muda mrefu, huharibu mishipa ya fahamu. Chuma kikizidi ni sumu. Mtoto mdogo akila vidonge vya chuma akidhani ni peremende, aweza kufa. Viwekeni juu, mahali pasipofikiwa. Mwenye ugonjwa wa selimundu asimeze chuma ila kwa agizo la mganga wa hospitali.

Madukani huuzwa pia vitu vyenye majina makubwa: koenzaimu Q10, karnitini, kreatini. Ni kweli kwamba vitu hivi vyatumika katika kutengeneza nguvu ndani ya chembe. Lakini mwili wa mtu mwenye afya hujitengenezea wenyewe. Mkulima aliyechoka hana haja ya kuuza mbuzi ili anunue kitu ambacho mwili wake unakitengeneza bure. Vinywaji vya makopo vinavyoitwa vya kuongeza nguvu vina sukari na kafeini, ile ile iliyomo katika kahawa. Kafeini humficha mtu uchovu wake, lakini uchovu haujaondoka. Ni kama kufunika deni kwa mkeka.

Ni nani basi anayehitaji vidonge? Mjamzito, kama tulivyosema. Aliyepimwa akaonekana amepungukiwa. Mtu asiyekula kabisa nyama, samaki, mayai wala maziwa, kwa kuwa vitamini B12 hupatikana katika vyakula hivyo. Mtu aliyezoea pombe kali kwa miaka mingi, kwa sababu pombe huzuia mwili kupokea vitamini B1; huyo na apelekwe hospitali. Tena uchovu usiokwisha waweza kuwa alama ya kisukari, kifua kikuu, virusi vya UKIMWI au ugonjwa mwingine unaotibika au kudhibitiwa. Anayenunua chupa baada ya chupa anampa ugonjwa nafasi ya kukua. Kwa hiyo kumbukeni mpango huu: kwanza chakula, pili kupimwa, tatu kidonge, kama kipimo kimesema.

6. Tuanze kesho

Chakula bora si lazima kiwe cha tajiri. Haba na haba hujaza kibaba. Pika ugali wa dona, au changanya unga wa mtama au ulezi. Ongeza maharagwe au kunde. Twanga karanga, zitie katika mchicha. Weka dagaa, hata kiganja kimoja. Malizia na chungwa, embe au pera la kwenye mti wako. Unapopika wali, usioshe mchele mara nyingi, wala usimwage maji uliyoupikia, maana vitamini B1 huyeyuka katika maji ikaenda nayo. Tumia choo, vaa viatu, lala katika chandarua. Na wakati wa kugawa chakula, baba asijitwalie nyama yote, kwa sababu katika nyumba hiyo anayehitaji chuma zaidi ni mama, na watoto wanaokua.

Ndugu wanafunzi, mtakapokutana tena na yule mtu anayechoka upesi, msimcheke wala msimwite mvivu. Mwulizeni anakula nini, amepimwa lini, na ikiwezekana mfuatane naye kliniki.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini mtu aweza kushiba na bado akakosa nguvu?
2. Manowari Ryujo na Tsukuba zilipita njia moja. Tofauti yake ilikuwa nini?
3. Unga upi hutumika zaidi nyumbani kwako, dona au sembe? Eleza sababu.
4. Katika kijiji chenu, karanga, dagaa na kunde hupatikana miezi gani? Zikikosekana, mnakula nini badala yake?
5. Mama Fulani angefanya nini kabla ya kununua chupa ile?

Sentensi za kusoma na kuandika

Vitamini ni kiberiti cha mwili.
Kunde zina chuma.
Tukamulie ndimu kwenye mboga.
Mama mjamzito asikose kliniki.
Kwanza chakula, pili kupimwa, tatu kidonge.